Mwelshi Aliyepanga Kwetu Barking

Mama hakutaka mcheza raga. Alitaka mwanafunzi mmoja mkimya, ikiwezekana Mwislamu, ikiwezekana mgonjwa kidogo ili asitoketoke. Ndivyo alivyomweleza Mhindi mwenye duka la kona mtaani kwetu, mashariki ya London, mzaliwa wa Tanga ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mhindi akaandika kikaratasi, akakibandika kwenye kioo cha duka kati ya tangazo la paka aliyepotea na tangazo la baiskeli ya kike. Siku mbili baadaye akatuletea mtu wa futi sita na ushei, mabega yakipita mlangoni kwa zamu, pua imekwenda kushoto, masikio yamekunjamana kama kabichi iliyochemshwa ikasahauliwa.

"Huyu ndiye mwanafunzi?" Mama akamuuliza Mhindi kwa Kiswahili.

"Mama, wanafunzi wote wamekwenda Stanmore kwa shangazi zao," Mhindi akajibu. "Huyu ana kazi mbili, na dukani kwangu anasema asante."

Mama akamzunguka yule mtu mara moja, kama anayekagua kabati mnadani, kisha akamuuliza kwa Kiingereza chake cha hospitalini kama anakunywa pombe.

"Tukishinda tu," akasema yule mtu.

"Mnashinda mara ngapi?"

Akafikiri, kwa unyofu kabisa. "Msimu uliopita, mara tatu."

Mama akampa ufunguo.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na chumba cha juu kilikuwa kimya mno. Tulifika London mimi nikiwa na miaka sita, baada ya Mapinduzi, tukiwa na mabegi mawili na mbuzi ya kukunia nazi ambayo Mama hakueleza kamwe kwa nini aliichagua hiyo akaacha vyombo vyote. Baba alikuwa Mpemba. Mama alikuwa mtu wa mjini Unguja, na hakumwacha marehemu asahau tofauti hiyo mpaka siku alipomzika. Alifanya kazi kwenye chumba cha mashuka hospitalini, akikunja shuka kwa pembe kali kiasi cha kumkata mgonjwa. Mimi nilikuwa karani wa kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, idara ya nyumba. Nilivaa sketi ya kijivu na nilimjibu mama yangu kwa Kiingereza hata akiniuliza kama chumvi imekolea. Sikukusudia ubaya. Nilianza shuleni na sikuacha, kama watu wanavyoendelea kuchechemea baada ya mguu kupona.

Siku ya tatu Mwelshi akavunja kitanda. Hakuwa akifanya lolote la aibu, alikaa tu avue viatu. Tulipopanda juu tukamkuta ameketi sakafuni katikati ya mbao, akijilaumu kwa lugha ambayo haikuwa Kiingereza.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

Nikamuuliza. Akasema hiyo ndiyo lugha ya kwao, kijijini Wales, na Waingereza hawaifahamu hata neno.

"Kumbe Waingereza nao wana Pemba yao," Mama akasema.

Nikamtafsiria. Akacheka mpaka mbao zikalia, kisha akauliza kama Wapemba nao huchekwa kwa namna wanavyosema.

"Sana," Mama akasema. "Na mchekaji mwenyewe ni mimi."

Habari zikamfikia mjomba, kaka yake Mama, kwamba mwanamume kapangishwa nyumba yenye mjane na mwari. Mjomba alikuwa mcha Mungu mkubwa siku ya Ijumaa. Jumamosi alikuwa hakosekani kwenye duka la kamari ya farasi, ambako alidai huingia kujikinga na baridi. Alikuja kutoka upande wa pili wa mji na hasira yake nzima, hakuimwaga hata tone ndani ya treni. Akafungua mlango, akakuta Mwelshi anateremka ngazi amekumbatia friji letu kifuani kama mtoto mchanga, kwa sababu Mama alikuwa ameamua jikoni pahamishwe.

Mjomba akasimama pembeni kumpisha. "Huyu anafanya kazi gani?"

"Siku za kazi anabeba saruji," Mama akasema. "Jumapili anacheza raga ya kulipwa."

Hasira ya Mjomba ikatafuta pa kukaa, ikakosa. Alipomaliza sahani ya tatu ya pilau alikuwa ameshamuuliza Mwelshi kila kitu, tangu uzito mpaka meno mangapi yaliyobaki. Akiwa anavaa viatu mlangoni alimvuta Mama kando na kutoa hukumu: "Mwache akae. Kwa sura ile, binti yako yuko salama."

Nilisikia. Mwelshi naye, aliyekuwa ameanza kuokota maneno, aliniuliza "sura" ni nini. Nikamwambia ni sehemu ya Kurani.

Mchezo wenyewe alitueleza kwa vijiko juu ya kitambaa cha meza. Ziko raga mbili. Moja ni ya watu kumi na watano, ya waungwana, ambao wakati ule walikuwa hawalipwi, au walilipwa kwa kufichaficha. Nyingine ni ya watu kumi na watatu, ya miji ya viwanda huko kaskazini, ambako mchezaji alilipwa mchana kweupe. Yeye alikuwa wa hiyo ya pili, na nafasi yake ilikuwa nguzo, yaani mmoja wa wale wanene wa mbele ambao kazi yao ni kugongwa ili wengine wapendeze. Timu yake ya London ilikuwa ndogo, ikihama viwanja kama paka anayehamisha watoto.

Mama akataka kwenda kuona. Akavaa buibui, juu yake koti zito, juu ya koti skafu ya timu aliyopewa na Mwelshi, akawa kama hema lililofungwa na mtu mwenye haraka. Mimi nilikwenda ili nimzuie asiniaibishe. Watazamaji walikuwa wachache kiasi kwamba mchezaji akitukanwa alijua ni nani na amekaa wapi.

Sheria zilikuwa rahisi. Unapewa mpira, unaukimbilia ukuta wa watu, wanakuangusha. Unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa kisigino, mwenzako naye anauchukua akaangushwe. Baada ya mara sita mnawaachia wale wengine, nao wakaanguke. Mama aliutazama mchezo nusu saa nzima.

"Mbona wanapigana kwa foleni?" akauliza mwisho. "Nchi hii hata ugomvi una foleni."

Kisha Mwelshi akainuka kutoka chini ya watu wanne, nyusi imepasuka, na refa akamwadhibu yeye. Mama akasimama juu ya benchi.

"We refa! Macho umeyasahau kwa mamako? Mpumbavu wa kupuliza filimbi! Hata kuku ana haya!"

Wanaume kumi waliokuwa karibu yetu hawakuelewa hata neno, lakini matusi hayahitaji mkalimani. Wakampigia makofi. Mmoja akampa nusu ya chokoleti yake. Tangu siku hiyo Mama hakukosa mechi hata moja ya nyumbani, na aliniambia alikuwa hajapiga kelele kiasi kile tangu aingie nchi hii. Nilimjibu, kwa Kiingereza, kwamba majirani zetu wangeshangaa kusikia hivyo.

Nisidanganye, nilikuwa na wivu. Kila asubuhi Mwelshi aliteremka ngazi, akiinamisha kichwa kisigonge dari, akasema, "Shikamoo, Mama." Na Mama alijibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ambayo mimi sikuwa nimeisikia kwa miaka. Mara ya mwisho kumwamkia mama yangu ilikuwa Idi, tena kwa kutishwa. Nilikuwa nakunywa kahawa yangu nimesimama, natoka kwenda kaunsili, nimewaacha mezani wakijadili kama goti linafaa kukandwa kwa mafuta ya karafuu.

Jumapili moja jioni, baada ya kufungwa vibaya, alitusimulia maisha yake ya mpira. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe na pia mkata nyasi wa uwanja wa klabu ya kijiji, klabu ya wale kumi na watano. Yeye alianza kuichezea akiwa na miaka kumi na saba, na picha yake ikatundikwa ukutani kwenye jumba la klabu. Alipofika ishirini na moja, akaja mtu wa raga ya kulipwa kutoka kaskazini na gari kubwa. Aliliegesha mbali ili watu wasimwone, jambo la kipuuzi, kwa sababu kijijini kulikuwa na magari matano tu na yote yalijulikana. Akaingia sebuleni, akaweka mkataba mezani karibu na keki. Mama yake Mwelshi akalia. Baba yake akatoka nje kukata nyasi ambazo zilikuwa zimeshakatwa. Yeye akatia saini.

"Asubuhi yake picha ilikuwa imeshatolewa," akasema. "Hata msumari waliung'oa."

Kaskazini alicheza miaka kumi na moja. Alivunjika pua mara nne, taya mara moja, vidole alikuwa hahesabu tena. Aliwahi kuteuliwa kucheza fainali kubwa, suti ya kusafiria ikashonwa, na mazoezini siku mbili kabla ya fainali akateguka kifundo cha mguu kwa kukanyaga mpira ambao hakuna aliyemrushia. Suti aliivaa kwenye benchi. Alipoanza kuwa mzito, timu ikamtoa kwa timu nyingine, na ile nyingine ikamtoa kwa London, ambako wachezaji waliochoka walipelekwa kama nguo zinavyopewa wadogo.

"Kwa hiyo kwenu hurudi?" Mama akauliza.

"Kijijini narudi. Klabuni siruhusiwi kutia mguu. Aliyecheza kwa malipo kapigwa marufuku maisha."

"Nani kapiga marufuku?"

"Kamati."

Mama akaangua kicheko kirefu kibaya, akashika meza. "Kamati!" akasema. "Mwanangu, hata sisi tuliondolewa na kamati."

Kisha kicheko kikamwishia, akamwambia jambo ambalo mimi sikuwahi kuambiwa. Babu yangu, baba yake, alikufa Unguja sisi tukiwa hapa. Barua ilifika baada ya arubaini kupita. Mama aliisoma akiwa amesimama kwenye chumba cha mashuka, akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea na kazi kwa sababu wodi ya watoto ilikuwa inasubiri. Alimsimulia Mwelshi kwa Kiswahili cha polepole, na Mwelshi, aliyeelewa labda nusu, hakuuliza nusu nyingine. Mimi niliyeelewa yote nilikwenda kuosha vyombo.

Februari ya msimu ule baba yake Mwelshi akafariki. Simu ilikuja mchana, nikaipokea mimi. Mama hakuuliza mtu kama tunakwenda. Alimpigia Mjomba, akamwambia alete gari, na Mjomba, ambaye gari lake lilikuwa halijawahi kuvuka London, akalileta limejaa petroli na dua. Mwelshi alikaa mbele kwa sababu nyuma hakuingia. Saa tano nzima Mjomba aliendesha akililaumu kila lori kwa jina la baba yake.

Maziko yalikwenda vizuri. Mvua ilinyesha, watu walikuwa wengi, na Mama akasifu namna kaburi lilivyochimbwa. Tatizo lilikuja baadaye. Chai ya msiba iliandaliwa kwenye jumba la klabu, kwa sababu marehemu alikata nyasi pale miaka thelathini na hakukuwa na ukumbi mwingine wa kutosha. Watu wakaingia mmoja mmoja. Mwelshi akafika kwenye ukuta mfupi wa mawe ulio mpaka wa uwanja wa klabu, akasimama nje yake, barabarani, mikono mfukoni.

"Nendeni mkanywe chai," akatuambia. "Mimi niko sawa."

"Unafanya nini hapo?" Mama akauliza.

Akaonyesha ukuta. Mama akautazama, ulikuwa wa kumfika magotini. Akanishika mkono, tukaingia wawili mpaka mlangoni, ambako alisimama katibu wa klabu, mzee mwembamba mwenye tai ya klabu, macho mekundu. Alikuwa rafiki wa marehemu. Alisema si yeye, ni sheria. Wakimwingiza mcheza raga ya kulipwa na habari zikifika juu, klabu nzima inaweza kufungiwa.

"Mwambie," Mama akaniambia, "baba yangu alikufa nami sikumzika. Walionizuia walikuwa na bunduki. Muulize, yeye ana nini?"

Nikamgeukia yule mzee na sauti yangu ya kaunsili. Nikamwambia mama yangu anatoa rambirambi, na anaomba kama kuna uwezekano suala hili likafikiriwa upya.

Mama akanitazama. "Maneno yangu yalikuwa marefu kuliko hayo."

"Mama, please."

"Tafsiri kama nilivyosema. Ama nitasema mwenyewe, na Kiingereza changu unakijua."

Nikatafsiri. Baba, maziko, bunduki, swali, yote, mbele ya watu walioshika vikombe. Uso wangu ulikuwa wa moto na sauti ikanikatika kwenye neno baba, jambo ambalo sikulipanga.

Katibu akatazama mikono yake. "Nina funguo," akasema taratibu.

Kisha mama yake Mwelshi, kibibi kidogo kilichokuwa kimekaa karibu na hita, akainuka, akachukua koti lake, akachukua na sahani ya sandwichi. Akapita katikati yetu, akauvuka ukuta kwa kuushikilia, akasimama barabarani karibu na mwanawe. Akampa sandwichi. Ndugu zake wakafuata, halafu majirani, halafu wanaume wa klabu wenyewe, wazee waliocheza naye, wakijifanya wanatoka kuvuta sigara hata wasiovuta. Baada ya robo saa msiba mzima ulikuwa barabarani kwenye manyunyu, na ndani amebaki katibu peke yake na birika.

Mjomba alikuwa na njaa ya safari. Alimuuliza kila mtu hii ni nyama gani, na alipoambiwa ni nguruwe, alihuzunika kuliko wafiwa. Wakamtafutia keki. Kisha watu wakaanza kuimba kwa lugha yao, bila mtu kuamrisha, sauti za juu na za chini zikijipanga zenyewe, na Mama akajifunika uso kwa mtandio. Mjomba akasoma Fatiha chini kwa chini. Nilipomtazama akasema anaisomea barabara, maana amebakiwa na saa tano za kuendesha.

Mwisho katibu akatoka. Alikuwa amebeba birika kwa mikono miwili. Akaenda moja kwa moja kwa Mwelshi, akammiminia, akasema kitu kwa Kiwelshi. Baadaye nilimuuliza Mwelshi alisema nini. "Aliuliza kama bado natia sukari tatu," akasema.

Njiani kurudi, Mama akaniuliza kama nataka maji. Nikamjibu kwa Kiswahili. Sikujua nimefanya hivyo mpaka nilipomwona Mjomba ananitazama kwenye kioo. Mama mwenyewe alijifanya hakuona, kwa adabu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kumwona Mama akitumia adabu.

Mwelshi alicheza msimu mmoja zaidi. Mechi yake ya mwisho ilikuwa kwenye tope la kufika vifundoni. Nguzo hawafungi sana, yeye kwa msimu mzima hakuwa amefunga hata trai moja, yaani kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, lakini siku ile mpira ulimponyoka mtu karibu na mstari, ukadunda, ukamgonga Mwelshi kifuani, na katika kushangaa kwake akateleza akauangukia upande unaofaa. Refa akapuliza filimbi. Wenzake wakamrukia kumpongeza, na chini ya pongezi hizo goti likakatika. Alibebwa na watu sita akicheka na kutukana, na Mama akitembea kando ya machela na mwavuli, akiwatukana wabebaji.

Hospitali ilikuwa ile ile ya Mama. Alimtandikia kitanda yeye mwenyewe. Muuguzi wa zamu, mjane Mkongo mwenye maneno makali, alimwambia Mwelshi hajawahi kuona masikio mabaya kama yale kwa mtu aliye hai. Wakaoana baada ya mwaka mmoja. Mjomba alimpa bwana harusi mawaidha marefu kuhusu uaminifu, kisha akaomba radhi, akatoka kidogo, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi.

Miaka ya tisini wale waungwana nao wakaanza kulipwa hadharani na marufuku ikafa. Klabu ya kijiji ilimwandikia barua ya kumkaribisha. Alikwenda na mkewe, akakaa saa moja, akarudi London. Nilimuuliza palikuwaje. Akasema ni chumba tu, kapeti limechakaa, na katibu wake alikuwa ameshafariki.

Mama ametangulia sasa. Mwelshi na mkewe wanakaa mitaa miwili kutoka kwangu, na Jumamosi anafundisha raga kwenye bustani ya hapa Barking, watoto wa Kikongo, wa Kisomali, wa kwetu, wa Kiingereza, amekaa kwenye kiti cha kukunja kwa sababu magoti yote mawili ni ya chuma. Mimi niliolewa, na binti yangu ni nguzo. Ana miaka kumi na sita na shingo imeshaanza kunenepa. Wiki iliyopita alirudi na jino mfukoni, amelifunga kwenye karatasi, ananionyesha kwa fahari. Nilimpeleka kwa daktari wa meno. Mchezo wenyewe mpaka leo siupendi, na nimemwambia Mwelshi hivyo usoni, naye kasema nguzo mwenzake wa kulia anaumwa, kama binti wa wifi yangu, yule mwenye mabega, ana nafasi, nimwambie aje na viatu.